Vuta Upinde, Kisha Nisalimie

Mwanangu, ipo siku moja ambayo bado hunijia alfajiri, kabla sijafumbua macho sawasawa. Ukungu umelala juu ya Nile pale Rejaf, vichaka vya majani vinateremka na maji polepole, na juu ya kimoja amesimama yangeyange mweupe, ameamua kusafiri bila kupiga bawa. Nami nimesimama ukingoni mwa shamba letu la mtama, msichana mwembamba, nimeshika upinde wa baba yangu. Siku hiyo naiona vizuri kuliko ninavyoiona leo, na haya macho yangu yenye wingu unayajua mwenyewe.

Nimeikumbuka kwa sababu jana ulirudi kutoka soko la Konyo Konyo, hapa Juba, umejaa furaha, ukasema, "Haboba, nimeona upinde! Mimi nataka ile kubwa, ile imening'inia nyuma." Wewe umekulia Kampala, na bibi yako anafurahi kwamba umetamani kitu cha kwetu. Nilifumba macho, nawe ukadhani nimesinzia kitini. Sikusinzia, nilikuwa Rejaf.

Ilikuwa miaka ya vita vyetu na serikali, vile vya kwanza, ambavyo nyinyi mnavichanganya na vya pili, wala siwalaumu. Baba na kaka zangu walikuwa wameingia msituni na wapiganaji, na sisi tulifundishwa kumjibu yeyote kwamba wamekwenda mbali kutafuta kazi. Tukabaki wanawake peke yetu: mama yangu, mimi Kiden, na nyanya, yaani mama mzazi wa baba. Miguu ya nyanya ilikuwa imevimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni kwake ilikuwa safari ya kupumzika njiani.

Majirani walikuwa wakiondoka. Asubuhi unaamka, unaona moshi haujatoka kwenye nyumba fulani, unajua wamevuka kwenda Uganda. Mama akasema jambo lake jioni moja, akikoroga chungu: "Mtama ukiingia ghalani, tunakaa. Usipoingia, tunakwenda kwa miguu." Hakumaliza, wala hakuna aliyemwomba amalizie. Mtu anayepumzika njiani akienda mlangoni hawezi kufika Uganda, na mama na mimi hatukuwa na nguvu za kumbeba. Nyanya alisikia kila neno. Aliendelea kuchambua majani yake ya kunde kana kwamba anasemwa mtu wa kijiji kingine.

Sasa, adui wa mtama pale mtoni ni tumbili. Wakati wa amani mtoto alikaa juu ya dungu, akapiga debe na kupiga kelele, na kazi ikaisha. Lakini miaka ile kambi ya askari haikuwa mbali na shamba letu, na kwao sauti ya debe ilikuwa ishara ya kuwaita watu wa msituni. Baba mmoja jirani alichukuliwa kwa ajili ya debe lake, hatukumwona tena. Kwa hiyo mashamba yakawa yanalindwa kimyakimya. Ungepita pale usingesikia kitu, ila maji na majani ya mtama yakisuguana, na ndani ya kimya hicho watu wanahangaika na tumbili bila kutoa sauti. Wakati mwingine najiuliza kama nilikiona kweli au nilikiota.

Silaha isiyo na sauti ni upinde. Nyumbani ulikuwepo mmoja tu, wa baba, umetundikwa ukutani, mrefu kunipita. Nikautwaa. Mama aliponitazama nikamwambia nitalinda mtama, akaniacha, maana hakuwa na mwingine wa kumtuma. Kichwa kilinivimba, mwanangu, sikufichi. Lakini si kiburi peke yake. Mpini wake ulikuwa umelainika mahali mkono wa baba ulipokuwa ukikaa, na nilipoweka mkono wangu hapo nilimpenda baba na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Nilijiambia kwamba nikiushika mimi, basi hajaondoka kabisa.

Nilijifunza nyuma ya nyumba. Upote, ile kamba ya upinde, ulinichapa mkono kwa ndani hadi ngozi ikageuka rangi ya bilinganya. Mishale yangu nayo ilikuwa mkusanyiko wa vilema: mmoja wa baba, mzito, mirefu miwili ya matete niliyoyakata yangali mabichi, mingine imepinda. Mmoja ulikwenda kushoto, mwingine ulidondoka miguuni pangu kama umechoka. Tumbili walinizoea upesi. Dume lao moja zee lilikuwa likikaa juu ya kichuguu, linatafuna mtama wetu na kunitazama kwa makini, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi amalize sentensi.

Walimaliza kona yote ya upande wa mto. Mama alikwenda akaangalia yale mabua matupu, akarudi. Jioni ile alitoa gunia kuukuu akaanza kulishonea kamba za kubebea mgongoni, na nyanya akamshikia taa.

Ndipo alipokuja Khal Wani, mjomba wangu, kaka yake mama. Aliishi mjini Juba, mtaa wa Buluk, na alikuja Rejaf njia ilipokuwa tulivu. Ujanani alikuwa amekata miwa Uganda akarudi na Kiswahili cha huko, na alipenda kuzungumza nami kwa Kiswahili, kama mtu anayekupa peremende kwa siri. Alinikuta shambani.

"Kiden, wewe nashika nini hapo?"

"Upinde wa baba, Khal."

"Haya. Vuta."

Nikavuta. Nilitaka aone. Upote ulifika karibu na shavu, kwa shida. Yeye hakutazama upinde. Alisimama mbele yangu kando kidogo, akakunja mikono nyuma, akaanza kunisalimia. Na salamu za kwetu unazijua, si za kurusha na kupita.

"Salaam, Kiden. Ita kwes?"

"Kwes," nikasema kwamba sijambo, meno yameumana.

"Mama kwes?"

"Kwes."

"Nas bet kwes, watu ya nyumbani? Mbuzi nazaa? Kuku iko?"

Kufikia kuku nilikuwa nikijibu kwa sauti ya mtu anayejitwisha mtungi uliojaa. Akauliza, taratibu kabisa, "Na nyanya? Nalala vizuri?" Hapo vidole vikashindwa. Upote uliniponyoka bila mshale, upinde ukalia na kutikisika mkononi mwangu hadi begani.

Khal Wani aliunyakua. Alipitisha kidole kwenye tumbo la upinde kutoka ncha hadi ncha, akitafuta ufa. Hakuuona. "Usiachie upinde tupu," akasema. "Mshale ndiyo nabeba nguvu natoka nayo. Kama mshale hakuna, nguvu narudi ndani ya mti, napasua. Baba yako angerudi akute kuni."

Nilianza kujitetea. Akanikatiza, bila ukali.

"Upinde ambayo huwezi kusalimia watu nayo, si yako. Sauti ikiisha, macho pia naisha. Wewe huoni tumbili, naona maumivu ya mkono tu." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Na hii upinde ni ya mwanaume. Askari akiona wewe nayo, hataogopa wewe. Atauliza, mwenyewe iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama na upinde ule mchana kutwa ukingoni mwa shamba, mahali pa wazi, na mimi mwenyewe nilikuwa nikijiona shujaa. Nikalia. Khal Wani hakunibembeleza wala hakunikaripia zaidi, aliniacha nilie nimalize. Baadaye aliuviringisha upinde wa baba kwenye mkeka mbovu akaupandisha juu kwenye paa, ndani ya nyasi, na mama akafagia vumbi lililodondoka.

Aliondoka, akarudi kutoka Buluk na pinde ndogo alizokuwa amewachongea watoto wake, mti wake umekauka vizuri. Hakuniambia upi ni wangu. Alizipanga ukutani akaniambia nichague kwa mkono, si kwa macho. Kila niliouvuta, yeye anasalimia. Mmoja ulinifikisha kwa kuku. Mwingine ulinifikisha kwa majirani na padri, kisha mkono ukashindwa. Nao mmoja, mwepesi, haukuwa mzuri hata kidogo, una kifundo karibu na ncha na ganda limebaki upande mmoja. Kwa huo nilijibu salamu zote zikaisha, halafu, upote ungali shavuni, nikaanza mimi: "Na wewe, Khal, ita kwes? Mke wako kwes? Lile jino lako je?" Alicheka hadi akakaa chini. Nami nikaushusha upote polepole, bila kuuachia.

Mishale tuliikata mtoni pamoja, matete yaliyokauka, unene mmoja. Aliniambia ninyooshe mikono mbele viganja vikigusana, akaweka tete kifuani pangu, akalikata kupita kidogo ncha za vidole, maana mshale mfupi ukivutwa kupita upinde huutoboa mkono ulioushikilia. Manyoya yalitoka kwa jogoo wetu, ya bawa moja, ili mshale uzunguke upande mmoja. Nchani tulitia kipande cha gunzi badala ya chuma. Nilipomuuliza kwa nini yote ilingane hivyo, alisema, "Mishale ikiwa sawa, kosa ni yako, na yako unaweza kurekebisha. Ikiwa tofauti, utagombana na matete mpaka kufa."

Basi nikarudi kwenye ukungu. Sijui nikuelezeje asubuhi zile. Vita vilikuwepo, baba hayupo, na bado nilikuwa na raha niliyoionea haya, kusimama kwenye umande, kuvuta, kupumua, kuona mshale ukiingia kwenye weupe ule na kupotea, halafu kusikia, pu! Siku lile dume zee lilipopata gunzi matakoni lilinigeukia kwa mshangao mkubwa, kana kwamba nimevunja adabu, likateremka kichuguu na ukoo wake wote nyuma yake. Nilicheka nimejiziba mdomo kwa kanga.

Na askari walikuja. Wawili, walipitia katikati ya shamba, bunduki begani. Mama alikuwa amepiga magoti akipalilia na hakuinuka. Mmoja alinipokonya upinde, akautazama, akaminya lile gunzi, akacheka, akamwonyesha mwenzake. Akavuta na kurusha mshale hewani, ukaanguka mtoni. Kisha akanirudishia upinde wangu, akanigonga kichwani kidogo kwa vidole, wakaenda. Mama alikaa palepale katikati ya mtama muda mrefu baada ya wao kutoweka, akipalilia mahali alipokwisha kupalilia.

Mtama uliingia ghalani. Haukuwa wa kujaza, ile kona ya mtoni haikurudi. Lakini mama alichukua lile gunia la safari akalitia mtama, na hilo tu ndilo alilosema. Nyanya alikula asida, ugali wetu, ya unga ule msimu mzima wa kiangazi. Akafa kitandani kwake, mchana, mimi nikimpepea na mama akimwosha miguu, na kabla hajalala alituuliza kama tumekula.

Tulimzika, tukakaa matanga, ndipo tukaondoka kwenda Uganda. Huko kambini nilikutana na wanawake wazuri, wachapakazi, waliowaacha mama zao nyumbani kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Hawakuwa na kosa lolote. Lakini chakula kilipoletwa, walikuwa wakitoka nje kwanza kulia, na mama yangu hakutoka.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimezunguka sana. Kesho nenda Konyo Konyo, ule mkubwa uache ukining'inia. Mwombe muuzaji akupe mwepesi kuliko unavyotaka, hata kama una kifundo. Usiuachie mtupu kamwe. Chagua mishale iliyolingana, mirefu kupita mvuto wako. Uvute ushike, na mtu akusalimie salamu ndefu za Juba, naye akuulize habari za watu wote. Ukiweza kumjibu kwa sauti yako mwenyewe, nunua. Mkono ukikua, utanunua mwingine, hakuna anayekukimbiza. Na mambo mengine yapime hivyohivyo. Kazi, ndoa, hata hasira, usichukue ile ambayo ukiibeba huna tena pumzi ya kumwambia mtu wa nyumbani kwamba hujambo. Wala usishike cha mzee wako kwa sababu unamkosa. Mkose tu, ulie, halafu ushike cha kwako.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yanayoona mbali. Akupe nyumba ambayo hutalazimika kuikimbia. Na siku nitakapokuwa nalala, akujalie uwe umekaa karibu, umeshiba, nami nikuulize kama umekula, nawe unijibu. Amina.