Zindiko la Mwalimu Gaudens

Mtu akifilisika Mtoni, wa kwanza kujua alikuwa mkewe, wa pili Bi Hija. Miaka ile ya baada ya vita, nyumba nyingi za kandokando ya barabara ya Kilwa ziliwekwa rehani kwa matajiri wa mjini, na aliyeshindwa kulipa alishtukia dalali wa korti amesimama barazani kwake anapiga kengele. Bi Hija hakukosa mnada. Alikuja na mwamvuli wake mweusi, akaketi nyuma ya watu, na wanaume wakishachoka kushindana kupandisha bei, yeye alitaja yake mara moja tu. Watu walimwita Bi Kufaana, kwa ule msemo wa kufa kufaana. Walimwita hivyo akiwa hayupo, maana nusu yao walikuwa wapangaji wake.

Mimi pia nilikuwa mpangaji wake, na nitamsema kwa haki. Alikuwa na ulimi mkali na mkono wa birika, lakini hakumdharau mtu aliyenyang'anywa nyumba. Kila alipoipata nyumba mnadani, kabla hajaingiza mpangaji, alimfuata mwenyewe wa zamani na kuku mkononi, akamwambia, "Nyumba imekuwa yangu kwa amri ya korti, si kwa ubaya. Njoo uchukue chako."

Chako ni zindiko. Enzi hizo wengi hawakuhamia nyumba mpya bila kumwita mganga afukie dawa kizingitini, ya kuilinda na mtu wa shari atokaye nje. Sasa fikiria mwenyewe: nyumba imezindikwa dhidi ya mgeni, na mgeni ndiye anayekuja kuinunua. Basi mwenyewe alikuja, akachimba, akatoa kichupa chake kilichofungwa kitambaa, akaenda kukifukia alikohamia. Hata waliomchukia Bi Hija walifanya hivyo. Nani anataka kumwachia adui yake ulinzi?

Hofu yake ilikuwa na mahali ilipoanzia. Nyumba ya kwanza aliyoinunua, kule Chang'ombe, aliingia bila kumwuliza mtu, na mwanawe wa pekee akafa kwa homa kabla masika hayajakatika. Mimi nasema homa ni homa. Lakini hakuwa mwanangu.

Tangu hapo nyumba zake zote alizipangisha, mwenyewe akalala kwenye kibanda cha makuti kinachovuja. Magoti yalipoanza kumsumbua aliniambia, "Rosalia, mie nimechoka kuwalaza watu. Nataka nyumba moja yangu, ya kuzeekea."

Ndipo ikanadiwa nyumba ya Mwalimu Gaudens, Mhaya aliyefundisha shule ya misheni. Alikuwa ameiweka rehani kumdhamini rafiki yake, na rafiki akatoroka. Ilikuwa nyumba hasa: boriti za mikoko, kuta zimepakwa chokaa, baraza pana linalotazama barabara. Bi Hija akaipata, akanipa mimi chumba cha uani ili nimsaidie kuchota maji. Mwalimu na mkewe, Auleria, walihamia chumba cha kupanga huko chini mtoni. Tukawafuata na kuku.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema.

"Marahaba. Nyumba imekuwa yangu kwa amri ya korti, si kwa ubaya. Njoo uchukue chako."

"Sina changu pale. Vyote nilihama navyo."

"Cha kizingitini, mwalimu."

"Sikufukia kitu. Padri alinyunyiza maji ya baraka, basi."

Bi Hija akacheka. "Mie si mtoto. Nawajua watu wa padri. Asubuhi wanaungama, jioni wako kwa mganga."

"Wapo. Mimi si mmoja wao." Akamrudishia kuku wake, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Ukae salama pale, mama."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya siku ile kuku wake hakuwahi kurudishwa. Njia nzima alinung'unika, "Umemsikia? Ukae salama *pale*." Nikamwambia watu wa bara huagana hivyo hata na mwuza mkaa. Hakunisikia.

Kesho yake alichimba kizingiti mwenyewe. Hakukuta kitu. Akasema amelificha pengine, akachimba pembe za nyumba, moja baada ya nyingine. Kuku akafa. Kuku wote wa Mtoni walikufa kwa kideri mwezi ule, lakini yeye alimwona wake tu. Kisha ukuta wa chumbani ukapasuka ufa, kwa sababu udongo wa chini yake ulikuwa umechimbwa, na yeye akauona ufa ule akasema, "Limeanza kazi." Akachimba zaidi. Nyufa zikaongezeka. Nilitamani kumshika mabega nimtikise, na siku moja nilimshika. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Mawingu ya masika yalipoanza kukaa juu ya mji, nilikwenda kwa mwalimu peke yangu.

"Funga kipande cha mkaa kwenye kitambaa," nikamwambia, "uje ujifanye umekichimbua. Ataacha."

"Asubuhi nifundishe watoto amri za Mungu, jioni nicheze uganga? Na sikiliza, Rosalia. Siku nikikiri kwamba nilifukia kitu, kila jeneza litakalotoka nyumba ile litahesabiwa juu yangu."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia imani isiyoweza kumpa bibi kizee usingizi ni pambo tu. Auleria alikuwa anachambua maharage pembeni. Alimtazama mumewe mpaka yule akainama.

Mvua ikaja. Niliutoa mzigo wangu nje, nikarudi kumvuta Bi Hija. Alikuwa ukumbini, amepiga magoti kwenye shimo, anachokonoa chini ya nguzo ya kati.

"Toka, Bi Hija, nakuomba! Nyumba inalegea."

"Nitoke niende wapi? Hii yangu. Nenda kaniitie fundi."

Nikakimbia kumwita fundi. Sikufika mbali. Haikuanguka kwa kishindo. Ilikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka kusimama, na paa likafuata.

Majirani wote walikuja, tukachimba kwa mikono. Tulipomtoa alikuwa hai bado, kifua kimebondeka. Ndipo nikamwona Mwalimu Gaudens anakuja kutoka mtoni, mkono mfukoni. Auleria alikuwa amemshinda mchana ule, akakubali kufanya nilivyomwomba. Alikuwa njiani kuja kuniridhisha mimi, habari ya kuanguka hana.

Angeweza kukiacha mfukoni. Nilimwona anafikiri. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akatoa kichupa kilichofungwa kitambaa chekundu, mbele ya watu wote.

"Mama, nimekuja kuchukua changu. Hiki hapa nimekitoa. Nyumba ni yako sasa."

Bi Hija alikishika. Uso wake ulilegea, sijapata kuuona umetulia vile. "Nilijua," akasema. "Si nilikwambia, Rosalia?" Akafa kabla ya adhana ya alasiri. Tulipomwinua kichupa kilimdondoka, kikazama kwenye tope, na hakuna aliyethubutu kukiokota.

Hakuna aliyemgusa mwalimu. Walimpisha tu, na nadhani kupigwa kungekuwa afadhali. Wazazi wakawatoa watoto wao darasani kwake. Mwenye nyumba akataka chumba chake. Nilipita mlango kwa mlango nikieleza kwamba kitambaa kile ni cha gauni la Auleria, na kichupa ni cha dawa ya kikohozi. Waliitikia kwa kichwa, wakasema, "Tulimsikia mwenyewe." Kwa kuwa Bi Hija hakuacha mrithi, dalali alikuja kunadi kiwanja kile, akapiga kengele hadi mkono ukamchoka. Hakuna aliyetaja bei.

Siku walipoondoka kurudi Bukoba niliwabebea kapu hadi barabarani. Watu walikuwa wamesimama pale penye magofu. Mwanamke mmoja akajitokeza na kuku, akamweka miguuni pa mwalimu.

"Mwalimu, tunakuomba. Kabla hujaondoka, uchukue chako."

Nilifungua kinywa nimsemee. Lakini safari hii kweli kulikuwa na chake pale. Mwalimu Gaudens aliutazama ule udongo uliokauka, akampokea kuku kwa mikono miwili, akampa Auleria. Kisha akaomba jembe.