Mashine ilianguka nikanyamaza: field yangu kambini Kigoma na mzee wa mpira wa maji

Habari za mapumziko wakuu.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Sitii chumvi, na aliyewahi kufanya kazi za maji kule kwetu atanisahihisha nikiteleza.

Nilikuwa mwaka wa tatu, civil. Kadi ya student member ya chama cha wahandisi ninayo mfukoni, naitoa hata kwa asiyeniuliza. Kumbe ni mlango tu. Bado umalize chuo, uwe graduate engineer, ufanye kazi chini ya usimamizi miaka kadhaa, uhojiwe na jopo, ndipo upewe muhuri. Na logbook ya field, yale mafunzo ya vitendo, isiposainiwa, hata chuo humalizi.

Nikapangiwa nyumbani, Kigoma. Mradi wa maji kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Chemchemi iko ubavuni mwa kilima, tangi linajengwa kilima cha pili, ndani ya kambi. Pampu hakuna. Maji yashuke bondeni ndani ya bomba, yapande yenyewe ng'ambo, kwa hiyo tangi lazima liwe chini kuliko chemchemi. Kina mama walikuwa wanapanga ndoo tangu alfajiri kwenye bomba moja, na ugomvi juu.

Kazi yangu ilikuwa kupima huo urefu kwa level, ile mashine ya darubini yenye miguu mitatu.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Siku naichukua mashine mjini nilikuwa na migebuka minne mibichi ya Ujiji, zawadi kwa supervisor wangu, Injinia Mwajuma. Kwenye bodaboda samaki nikawapakata mwenyewe wasipondeke. Mashine nikaifunga nyuma kwa mpira. Tulipoipita Mwandiga, shimo moja tu, boksi chini.

Nikafungua, nikaona kioo kizima, nikanyamaza. Niliona aibu kusema nimewathamini samaki kuliko mashine.

Nikapima siku mbili. Kitabu changu kikasema tangi liko chini ya chemchemi kwa mita moja na nusu. Injinia akaniamini, msingi ukachimbwa, siku ya zege ikafika.

Asubuhi hiyo Mzee Melkiori akaniita pembeni. Alikuwa mkimbizi, kiongozi wa wachimbaji wetu. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Mwana wanje, mwanangu, maji hayatafika hapa."

Nikamwonyesha kitabu. Hakukitazama.

"Kila asubuhi ukungu unalala bondeni, sawasawa kama maji. Unaifunika chemchemi yote. Hapa kwenye tangi haujafika hata siku moja. Mimi ninaamka hapa, ninauona."

Nilicheka, wakuu. Nimesoma survey, halafu naletewa habari za ukungu!

Mzee hakubishana. Akaleta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Ncha moja inashikwa kwenye usawa wa chemchemi, nyingine inapelekwa mbele. Maji yakitulia, huku na kule ni usawa mmoja. Anapigilia kigingi, tunahama. Tukazunguka bonde lote hivyo, mimi nimeshika ncha ya nyuma.

Kuna mahali kichuguu kilitukinga. Simwoni, hanioni. Maji yakayumba ndani ya mpira, yakatulia. Yule mzee alijua urefu wa mahali niliposimama bila kuniona, kwa maji tu. Mambo haya niliyajibia mtihani na kupata A, lakini siku ile ndiyo niliyaona kwa mara ya kwanza.

Tukafika kwenye tangi. Kigingi cha mwisho kilikuwa chini ya msingi wetu, kama kimo cha goti. Tangi lilikuwa juu kuliko chemchemi.

Mzee akaniuliza taratibu, "Mashine yako iliumia?"

Zege lilikuwa linachanganywa. Ningeweza kusema mpira wake una mapovu ya hewa, hauaminiki, na Injinia angeniamini mimi, si yeye. Nikiungama, sahihi ya logbook yangu imekwenda. Nikatazama foleni ya ndoo kule chini, miguu ikanipeleka yenyewe.

"Shikamoo Injinia. Naomba usimamishe zege." Nikasema yote.

Alinitazama mpaka nikatamani kufukiwa kwenye ule msingi. "Andika yote kwenye logbook," akasema. "Na hao migebuka waandike."

Nikaandika. Akakataa kusaini. Kumbe alikuwa anamsubiri Mzee Melkiori. "Aliyekagua ni yeye, atangulie yeye."

Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaandika jina lake lote, polepole, herufi nzuri kuliko zangu. Injinia akasaini chini yake.

Tangi likahamishiwa chini. Siku maji yalipopanda kilima cha pili, kina mama walipiga vigelegele, na mimi nililia waziwazi.

Miaka baadaye, mbele ya jopo, niliulizwa kosa langu kubwa. Nikaufungua ukurasa ule. Mmoja akauliza, "Huyu wa juu ni mhandisi wa wapi?" Nikajibu, "Alikuwa mkimbizi, alikuwa anachimba mtaro." Muhuri nikapata.

Nilichojifunza: chombo kikianguka, sema siku hiyohiyo. Na anayeamka kila siku mahali unapopima, msikilize kabla hujacheka.

Mzee alirudi kwao, sikupata kumuaga. Wenye visa vya field karibuni, na mnaonicheka kwa migebuka pia karibuni. Ila kama kuna Mrundi humu anayemfahamu Mzee Melkiori wa mpira wa maji, naomba amfikishie salamu. Amwambie nilipita pale mwaka jana, nikafungua bomba, na maji bado yanafika.