Mwisho wa Picha ya Mchimba Kisima

Jana jirani yangu alinyunyizia maji uwanja wake kabla ya kufagia. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia dirishani, nikaacha nguo nilizokuwa nakunja nikakaa kitandani, kwa sababu kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya sinema. Usinicheke, msomaji. Ungekulia Kongwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ungenielewa.

Ndiyo miaka ambayo maduka yalianza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Mzee Shaabani, aliyekuwa na duka karibu na soko, alirudi kutoka Dodoma mjini na televisheni, deki na jenereta, akageuza stoo yake ya karanga kuwa chumba cha video. Madirisha aliyaziba kwa magunia. Kila Jumamosi saa tisa alasiri alionyesha picha moja. Wakubwa walilipa hela, sisi watoto tulilipa maji: ndoo moja, mtoto mmoja. Maji ya kiangazi huko kwetu si mchezo, tuliyachota korongoni kwa kufukua mchanga na kusubiri yajikusanye shimoni, kata moja moja. Mkewe, Mama Zaituni, alisimama mlangoni akichungulia kila ndoo. Ikiwa na tope, alikurudisha bila huruma. Ikiwa safi, alimimina kwenye pipa lake, na kidogo akanyunyizia uwanja ili vumbi litulie.

Picha ile iliyonitia ubishi ilikuwa ya Kihindi. Kijana mmoja, mchimba visima, anagombana na tajiri aliyewanyima watu maji. Kihindi hakuna aliyekijua, ila maoni kila mtu alikuwa nayo. Mama Zaituni alisema kijana hana adabu, anaimba na msichana bustanini huku mama yake ana kiu. Mfugaji mmoja aliyekuja mnadani hakuhangaika na mapenzi wala bunduki. Aliuliza mara tatu, kwa sauti, "Wale maksai aliowaacha kwenye mkokoteni, nani amewafungua?" Hakujibiwa, akatoka amekasirika kabla picha haijafika katikati.

Basi tajiri akainua bunduki. Steringi, ndivyo tulivyomwita shujaa wa picha, akasimama ukingoni mwa kisima, kifua wazi. Risasi ikalia, na papo hapo jenereta ikakohoa ikazimika. Mafuta yalikuwa yameisha. Tulitoka nje tukipepesa macho juani, na Jumapili asubuhi mkanda ukarudishwa Dodoma kwa basi, maana ulikuwa wa kukodi.

Jumatatu, Daudi akaihadithia picha shuleni. Daudi alikuwa mvulana wa darasa letu, bingwa wa kuhadithia: ngumi alizitoa kwa mdomo, farasi kwa viganja mapajani. Waliokosa ndoo ya maji walimtegemea yeye. Alipofika kwenye risasi hakusita. Steringi akaidaka kwa meno, akairudisha kwa tajiri, akaoa. Watoto wakapiga makofi.

"Mwisho hatukuuona," nikasema. "Jenereta ilizimika."

"Kwani wewe unadhani alikufa?" Daudi akacheka. "Steringi hafi! Hata mtoto mchanga anajua."

"Sijui kama alikufa. Wewe pia hujui."

Wakanizomea mpaka kengele ikalia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mama yangu alikuwa akisema kwamba ubishi wangu ungeweza kuuzwa mnadani na chenji ikabaki. Siku hiyo niliapa moyoni kwamba mwisho wa picha ile nitauona kwa macho yangu, hata kama nitazeeka.

Nikamwendea Mzee Shaabani dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama kakutuma nini?"

"Hajanituma. Naomba ile picha ya kisima irudi. Nataka mwisho."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Mwanangu, huko mjini mikanda inagombaniwa. Nikiupata nitauleta. Lakini siku utakayokuwa huna ndoo mlangoni ndiyo siku nitakayouonyesha, utaona."

Alinitania tu. Mimi nililichukua neno lake kama lilivyo. Jumamosi tano mfululizo niliamka kabla ya jogoo wa pili, nikashuka korongoni, nikafukua mchanga hadi kucha zikauma. Nikaona picha za karate, picha ya mamba, na picha ambayo watu walibusiana na Mama Zaituni akaifunika televisheni kwa kanga. Sikukosa hata moja. Jumamosi ya sita Mzee Shaabani alikuwa mlangoni mwenyewe. "Mbishi," akaniambia, "picha yako imekuja."

Mwisho nikauona. Steringi alikufa.

Sikuwa nimejiandaa, nililia waziwazi, nikajifuta kwa upindo wa gauni. Lakini Jumatatu nilifika shuleni wa kwanza, na wakati wa mapumziko nikawahadithia yote, bila chumvi. Sikumaliza. "Steringi hafi! Steringi hafi!" wakaimba, Daudi akiwaongoza kama kwaya. Hata wawili waliokuwa wamekaa benchi moja nami siku ya Jumamosi waliimba. Niliumia sana. Ndoo sita za maji, na hakuna anayetaka kilichomo.

Aliyetaka alikuwa mmoja tu. Sechelela, jirani yetu, alikuwa amerudi shuleni wiki hiyo akiwa amenyolewa nywele. Baba yake alikuwa amefariki hospitalini kule Mvumi. Mama alikuwa amenionya: kwa mfiwa usitaje kifo, zungumza mengine. Kwa hiyo siku tuliposhuka wote korongoni nilizungumzia mbuzi, nikazungumzia mvua, nikaishiwa. Yeye alikuwa amepiga magoti akichota kwenye shimo.

"Ile picha," akasema, "mwisho uliuona kweli?"

"Niliuona."

"Alikufa?"

Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa Daudi. Meno, risasi, harusi, vyote vilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilishindwa.

"Alikufa, Seche."

"Peke yake?"

"Hapana. Mama yake alimpakata kichwa."

"Akamwambia nini?"

"Walisema Kihindi. Sikuelewa. Ila walizungumza muda mrefu, na mama alikuwa anampangusa uso."

Kata ikasimama hewani, maji yakichuruzika. "Aliumia sana?"

"Mwanzoni. Halafu akatulia."

Akamimina maji kwenye ndoo yake. "Basi hiyo picha ni nzuri," akasema.

Nilifurahi, nakiri. Nilipanda kutoka korongoni nikijiona mshindi, nimepata mtu anayekubaliana nami kuhusu picha, Daudi na kwaya yake wakalale mbele.

Nilikuwa mtu mzima, nami nimezika wa kwangu, nilipoyafahamu maneno ya siku ile. Seche hakupelekwa Mvumi. Mama yake ndiye aliyekwenda kumuuguza baba, Seche akaachwa nyumbani na mbuzi, na maiti iliporudi kila alichouliza alijibiwa kwamba mtoto haulizi mambo hayo, baba amepumzika, nenda kacheze. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyemweleza baba yake alikwenda vipi. Nikasikia sasa, miaka imepita, jinsi alivyouliza swali moja baada ya jingine kwa utaratibu: peke yake, akaambiwa nini, aliumia. Alikuwa akiniuliza mimi, mtu pekee aliyemjua ambaye alikuwa amekaa hadi mwisho, na ambaye ukimuuliza alichokiona hakudanganyi.

Mimi nilidhani tunazungumzia picha.