Kisingizio cha Livhuwani

Masomo ya ukalimani yalipohamia mtandaoni, wanafunzi wengi wa chuo kile cha Thohoyandou walinung'unika. Livhuwani Mudau alifurahi kimoyomoyo. Darasani alikuwa akishikwa na kigugumizi kila alipoambiwa afasiri mbele ya watu. Nyumbani, kijijini Tshifudi, kamera ilizimwa, na maneno yakimshinda alikuwa na pa kujificha.

"Mwalimu, mtandao unakatika," alikuwa akisema, kisha ananyamaza mpaka zamu impite.

Mwalimu wao, Dokta Netshivhale, alimhurumia. Siku alipowauliza wanaonaje kusoma hivi, wengi walisema wanakosa uso wa mtu, hawajui kama wanayemfasiria ameelewa au la. Livhuwani alisema shida yake ni mtandao tu. Mwanafunzi mwenzake Rofhiwa akamuunga mkono, na yeye alisema kweli: kwao simu haikushika mpaka apande kilimani, akae juu ya jiwe na mwavuli.

Jumatatu moja walisikilizishwa sauti ya mzee anayetoa ushahidi juu ya mpaka wa shamba. Livhuwani akafasiri sentensi mbili, ya tatu ikamponyoka.

"Samahani Mwalimu, mtandao..." Akabonyeza kuzima sauti, au alidhani amebonyeza.

Shangazi yake Tshinakaho alikuwa pembeni, anamenya karanga. "Wewe, mtandao gani tena? Huyo mzee mbona namsikia mpaka kikohozi?"

"Nyamaza basi, Shangazi. Nikisema hivyo wananiruka."

"Kumbe ndio mchezo wenu?"

"Wangu. Wenzangu hawajui."

"Sasa tumejua," sauti ya mwanafunzi mmoja ikasema simuni, na darasa zima likaangua kicheko.

Dokta Netshivhale hakucheka. "Kuanzia leo sitaki kusikia habari za mtandao kutoka kwa yeyote. Aliyekatika, amekatika na alama zake."

Livhuwani alitamani ardhi immeze. Lakini hayo yalikuwa madogo. Wiki iliyofuata kulikuwa na mtihani, na Rofhiwa akakatika katikati. Akapewa sifuri. Alipojitetea kwenye kundi la darasa, mmoja akamjibu, "Mwambie shangazi yako apunguze karanga." Wengine wakamwaga vicheko. Livhuwani akasoma yote.

Asubuhi akampigia mwalimu.

"Rofhiwa hakudanganya, Mwalimu. Aliyedanganya ni mimi, anaadhibiwa yeye."

"Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

"Kukosea watu wakinisikia."

"Rofhiwa atarudia mtihani, akipata mahali penye mtandao. Na wewe siku hiyo utafasiri, kamera ikiwa wazi."

Kumpigia Rofhiwa kulikuwa kugumu zaidi. "Njoo ufanyie kwetu," alimwambia.

"Kwenu kule unakokatika?"

Rofhiwa alikuja hata hivyo, suruali imejaa vumbi. Shangazi akampa maji ya kunawa na ugali kwa mboga, akamwachia meza. Rofhiwa akafasiri bila kutetereka.

Kisha zamu ikawa ya Livhuwani. Akawasha kamera. Rofhiwa alikuwa ameketi nyuma yake, na sura ya Livhuwani mwenyewe ilimkodolea macho kutoka kwenye kioo cha simu. Alikwama mara kadhaa. Pale alipozoea kukimbilia mtandao, safari hii akasema, "Sikuelewa, naomba kurudiwa." Akaendelea mpaka mwisho.

"Umekosea mengi," Dokta Netshivhale akasema. "Angalau leo nimeyasikia."

Rofhiwa akamshukuru Shangazi kwa adabu zote. Livhuwani akamsindikiza mpaka getini, akamwomba radhi tena.

"Ule utani wa karanga bado wananitania nao," Rofhiwa akasema, akashika njia.

Wote wawili walihitimu, Livhuwani kwa alama za kuponea chupuchupu. Sasa wanafasiri katika mahakama moja. Rofhiwa humsalimia vizuri tu, siku hizi hata humwachia kiti. Livhuwani ndiye ambaye, wakikutana koridoni, bado huwa wa kwanza kuinamisha macho.