Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Mimi nafundisha hisabati, na kwa miaka yote niliyokaa ofisi moja na Mwalimu Theodosia wa sanaa sijawahi kumwelewa mtu anayewakataza watoto kutumia ufutio. Kwangu kosa linafutwa. Yeye husema, "Kosa usilifute, lipe kazi." Mtoto akichora ng'ombe mwenye miguu mitano, anaambiwa autafutie shughuli huo wa tano.

Alizaliwa Mlimba, nyumba ya wakulima. Utotoni alichora ukutani kwa mkaa mpaka mama yake alipochoka kumchapa, akampa ukuta wa nyuma. Rangi za dukani hajazizoea hadi leo. Anasema mtoto wa bonde hili achore kwa udongo anaoukanyaga: mwekundu wa Kiberege, mweusi wa mbugani, pamoja na majivu ya pumba. Anaukoroga na uji wa mchele ili ushike, na chumvi ili uji usichache.

Hiyo chumvi nusura ituponze.

Mwaka huu kamati ya shule ilitaka chumba cha sanaa kiwe ghala la mpunga. Mwenyekiti, Mzee Fulgensi, hakuona faida ya kuchezea matope. Theodosia akawaomba waje kwanza waone. Yeye na wanafunzi wakachora bonde zima kwenye ukuta wa barazani: treni, mashamba, wavuvi na mitumbwi yao. Hata mimi nilisimama nikatazama, ingawa sikumwambia.

Asubuhi ya kikao tukakuta mbuzi barazani. Walikuwa wamelamba ukuta kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Mashamba yote yamekwenda, pamebaki weupe mchafu. Watoto wakalia. Nikachukua ndoo ya chokaa nikasema tupake ukuta wote, aibu iishe. Theodosia akaninyang'anya brashi.

"Tazameni vizuri," akawaambia watoto. "Hapo pamebaki nini?"

Digna wa darasa la tano akapangusa machozi. "Maji, mwalimu. Kama yale ya mafuriko."

Wakashika mkaa. Kamati ilipofika, kwenye ule weupe palikuwa na mapaa ya nyumba yaliyochomoza, kuku wamejikunyata juu yake, na sufuria moja inaelea.

Mzee Fulgensi aliweka kiganja pale weupe ulipoishia.

"Kwangu yalifika hapa," akasema. "Mke wangu nilimsimamisha juu ya meza, mbegu kichwani."

Nilimwomba Mungu Theodosia anyamaze. Wapi!

"Shikamoo, Mzee. Nisikudanganye. Sisi tulichora mashamba. Hayo maji yameletwa na mbuzi, wamelamba usiku."

"Mbuzi wa nani?"

Mbuzi mmoja alikuwa bado anatafuna karibu na nguzo, na alama ya mwenye mali sikioni.

"Wa kwako, Mzee," Theodosia akajibu.

Alicheka mpaka akaishika ile nguzo. Wanakamati wakacheka naye, kisha watoto, na mimi nikajikuta nacheka huku nimekumbatia ndoo yangu. "Mpunga utatafutiwa pa kulala," akasema. "Chumba ni cha watoto."

Theodosia akaketi sakafuni palepale. Nami nikaiweka ndoo chini.

"Kesho tutarudishia mashamba, Mzee," akasema.

"Usiguse hapo." Mzee aliweka tena kiganja ukutani. "Ila chumvi, mwalimu, punguza."