Shanga Zilizokataa Kugawanyika

Mjane wa fundi saa hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alitunga mapazia ya shanga, yale ya kuning'inia mlangoni, na masharti yake yalikuwa mawili: nyuzi zote zilingane, na isibaki shanga hata moja.

Safari hii shanga zilikuwa za marehemu mama yake. Mikufu na mikanda yote aliifumua, kila shanga kama punje ya hindi. Alikuwa amemwahidi mama kabla hajafa kwamba hatatupa hata moja wala hatazichanganya na za dukani. Pazia lilikuwa la binti yake, aliyehamia nyumba mpya, naye angekuja kulichukua Jumamosi.

Alipanga nyuzi hamsini, kila uzi shanga mia mbili. Zikabaki saba. Akafumua, akapanga hamsini na moja. Zikabaki kumi na moja. Akashuka arobaini na tisa, na huko nako zikabaki kumi na moja zilezile, kama zinamcheka.

"Kuna mkono umeingia humu!" aling'aka.

"Mkono wangu umeshika kikombe, shemeji," alijibu mdogo wa marehemu mumewe, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliyekuja kunywa chai. "Kwani ziko ngapi?"

"Elfu kumi, na saba juu."

Mwalimu akachukua penseli. Akagawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akapanda hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.

"Namba hii haigawanyiki," alisema. "Inakubali moja, au yenyewe nzima. Ukitoa shanga moja, utapata nyuzi mbili ndefu kama barabara, basi. Ukiongeza moja, unapata nyuzi sabini na mbili, sawasawa kabisa. Nunua hiyo moja, nani atajua?"

"Mama atajua."

"Mama yuko kaburini, shemeji."

"Ndiyo maana siwezi kumwomba ruhusa."

Alikaa akilichezea lile fungu la shanga. Kesho ilikuwa Jumamosi, na hakuwa na hata uzi mmoja wa kumwonyesha mtoto.

"Umesema inakubali moja?"

"Moja, ndiyo."

"Basi uzi mmoja."

Mwalimu akapaliwa. "Na sharti lako la nyuzi kulingana?"

"Ukiwa peke yake utapishana na nani?"

Akafungua bunda la nailoni. Uzi ukashuka shanga mia mbili, ukapanda shanga mia mbili, ukazunguka ufito wa juu, ukashuka tena, bila kukatwa popote.

"Ukikatika mahali pamoja," alionya mwalimu, "mwanao ataokota shanga mpaka azeeke."

"Umewahi kuona kazi yangu imekatika?"

Mwalimu akaanza kumsogezea shanga.

Binti alipokuja, alipita katikati ya pazia, akarudi, akapita tena. Kisha akashika kipande kifupi kilichoning'inia pembeni.

"Mama, na hizi saba?"

Mwalimu akatazama dari.

"Huo mkia," alisema mama. "Bibi yako hapunguzwi. Haya, kunja taratibu, twende tukalitundike kwako."