Sakafu ya Boriti Nyembamba

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Louisville upande wa Highview, nilishuka kwenye gari mbele ya nyumba isiyo na paa nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeambiwa ni kazi ya ujenzi, lakini kwetu kwenye milima ya Kivu ya Kusini mtu akiitwa na mwajiri huenda nadhifu. Kapita, ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita msimamizi wa mafundi, alikuwa Mmarekani mwenye mikono mipana kama milango. Aliitazama miguu yangu kwa muda ambao ng'ombe angeweza kuzaa na ndama akasimama.

"Unaenda kuoa?" akaniuliza.

"Nimekuja kazi, bosi."

"Basi shuka chini, bwana harusi, ukatazame juu."

Chini ilikuwa besimenti, chumba kikubwa kinachochimbwa chini ya nyumba. Nilipotazama juu niliona boriti zinazobeba sakafu, nikacheka peke yangu. Ukizitazama upande wa kichwa zina umbo la herufi I: mti mwembamba juu, mti mwembamba chini, na katikati ubao wa vipande vya mbao vilivyobanwa kwa gundi, unene wake kama kidole changu kidogo. Mimi nilitoka mahali ambapo hata zizi la ndama linajengwa kwa gogo zima.

"Hiki ndicho kinabeba watu?"

"Kinabeba piano na shangazi zako wote wakicheza," kapita akasema. "Moto ukikifikia, hakibebi hata paka."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi vijana mnaonunua nyumba siku hizi bila kutazama juu. Mbao nene ya zamani ikiungua hufanya mkaa kwa nje, na mkaa ule unaukinga moyo wake kwa muda. Hii nyembamba haina moyo wa kukinga. Ubao wa katikati unatoboka, sakafu inaanguka, na aliye juu yake anaweza asione dalili yoyote. Ndiyo maana sisi tulipewa kazi ya kufunika dari ya besimenti kwa jipsam, vile vibao vizito vya unga wa jiwe uliofungwa kwa karatasi. Ndani ya jiwe lile kuna maji. Moto lazima uyakaushe maji hayo kwanza ndipo uiguse boriti, na muda huo ndio watu wanautumia kutoka nje.

Jipsam haikuwa na huruma. Unaibandika juu, unaishikilia kwa mikono miwili na kwa kichwa, na mwenzako anapiga skrubu. Shingo yangu ilifupika hadi mke wangu akasema siku moja kichwa kitashuka tumboni na ataniamkia huko.

Baadaye tulihamia Columbus, na huko nikaingia shule ya jioni kusomea ujenzi. Mvi zangu zilizidi za darasa zima, pamoja na za mwalimu na mbwa wake. Mwalimu huyo alikuwa mkaguzi mstaafu wa majengo, mtu mkavu, na sisi tulimwita Bwana Mkaguzi. Alitufundisha kwamba jipsam si njia pekee. Unaweza kuweka mabomba ya dari yanayomwaga maji yenyewe moto ukianza. Unaweza kununua boriti zilizopakwa kiwandani rangi inayoumuka kama unga wa mandazi ikipata joto. Unaweza kushindilia kati ya boriti sufi iliyotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa. Au unarudi kwenye mbao nene za zamani, mfuko ukikubali.

"Bwana Mkaguzi," nikauliza, "ipi bora kuliko zote?"

"Ile itakayobaki mahali pake ukishaondoka."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Nilipata cheti changu, nikakitundika ukutani juu zaidi ya picha ya harusi, kukawa na kesi nyumbani. Kisha tukaenda Buffalo, kwa sababu ndugu wa mke wangu walikuwa huko. Baridi ya Buffalo, wapendwa, neno likitoka mdomoni linaanguka chini unaliokota. Nikaajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akijenga nyumba mpya kwenye viwanja vitupu vya East Side. Moja ya nyumba hizo ilinunuliwa na muramu wangu, Papa Yeremia, kaka wa mke wangu, mfanyakazi wa ghala. Dari ya besimenti yake niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe, kila ubao. Alihamia humo na mama yake, Koko Debora, mama mkwe wangu, aliyekuwa hawezi tena kusimama bila kuinuliwa.

Katikati ya msimu wa theluji simu ikaja kutoka nyumbani: mtoto wa kwanza wa Koko amekufa kule milimani. Kilio kikawekwa kwa Papa Yeremia. Mnajua kilio chetu. Watu wanakuja siku baada ya siku, samani zinatolewa sebuleni, wamama wanakaa chini kwenye magodoro, na mama wa marehemu anakaa katikati yao. Chakula kilipikwa besimenti kwa jiko kubwa la gesi, maana nje hakukuwa na mahali pa kukanyaga.

Nilipofika nilishuka kusalimia wapishi. Mafuta ya mandazi yalikuwa yanachemka. Nikatazama juu. Juu ya jiko jipsam hazikuwepo. Boriti zilikuwa wazi, kama mbavu.

Nikamwita Papa Yeremia. "Muramu, nani ametoa hizi?"

"Ni mie," akasema, tena kwa furaha kidogo, ile furaha ya mtu aliyepata akili katikati ya msiba. "Bon, wamama walikuwa wanalia na baridi kule juu. Ile sakafu iko baridi sana. Donc nikafungua, joto ya jiko ipande. Sasa Koko anasikia vizuri chini yake."

Na ni kweli. Kwetu jiko hupasha nyumba nzima, na mkubwa hupewa mahali penye joto. Yeye alimtafutia mama yake mahali hapo.

"Papa, zima jiko. Mama yako ameketi juu ya moto."

"Wageni watakula nini? Theluji?" Akanishika bega. "Wewe na cheti yako! Tunamaliza mandazi, kisha unafunga tena."

"Nafunga sasa hivi. Ninazo jipsam kwenye gari."

"Haya, lete. Lakini wapishi usiwaguse."

Nilimsihi tena, naye akawa ameshapanda kuwapokea wageni. Nikatoka kwenda kwenye gari. Nilikuwa nafungua kamba za jipsam niliposikia wapishi wakipiga kelele, nikawaona wanatoka mbio. Mafuta yalikuwa yameshika moto.

Niliiacha jipsam kwenye theluji. Watu walikuwa wanamwagika mlangoni, watoto mbele. Wamama wawili walikuwa wamemwinua Koko kwa makwapa na Papa Yeremia anawaendea. Nikapiga kelele toka mlangoni: "Mvuteni ukutani! Ukutani, siyo katikati!" Sakafu ikalegea chini yao kama godoro. Wale wawili wakaruka. Koko hakuweza kuruka. Katikati ya sebule palikuwa na watu, kisha palikuwa na shimo lenye moto.

Zima moto walipofika niliwaonyesha upande ambao jipsam ilikuwa bado imeshika. Walipita huko, na hakuna hata mmoja wao aliyeumia. Koko Debora walimtoa akiwa amekufa.

Tulifanya kilio kingine, kwenye ukumbi wa kanisa.

Sasa nimestaafu, bega limekataa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa dari ya besimenti ya binti wa Papa Yeremia, North Buffalo. Papa Yeremia mwenyewe aliomba anisaidie. Tulipopumzika, akaketi juu ya ndoo ya rangi.

"Muramu," akasema, "kama ningeziacha zile zako, Koko angetoka?"

Mimi ni mtu wa kutia chumvi, mmeona wenyewe. Siku hiyo sikuwa nayo.

"Angetoka, Papa. Sakafu ingeshika hadi mmfikishe mlangoni."

Alipangusa vumbi la jipsam magotini.

"Asante," akasema. "Wengine wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu."

Kisha akasimama, akainua ubao uliofuata, akaukandamiza juu kwa mikono miwili na kwa kichwa, akangoja nipige skrubu.